Honda ya matairi manne imelala chini ya mkungu, nataka ibebe mwani. Nianzie wapi?

Pweza Mkavu, Jambiani

Asalaam aleykum ndugu zangu. Nina mashine hapa uani inanitoa jasho, na mafundi wa karibu kila mmoja ana lake.

Ni Honda TRX350, pikipiki ya matairi manne, ile ya gia za mguu na inayosukuma kwa nyuma tu. Ilikuwa ya hoteli moja ya hapa ufukweni, wakitembezea wageni. Biashara hiyo ilipowashinda wakaiegesha nyuma ya jiko, chini ya mkungu, na hapo ikanyeshewa masika kwa vuli hadi walipoamua kuuza vitu vyao vya zamani. Nimeipata kwa bei ambayo mke wangu hakuuliza mara mbili. Kiti kimechanika, plastiki nyekundu imekuwa ya waridi kwa jua, lakini fremu nimeigonga kwa nyundo kila mahali na haijaoza.

Siitaki kwa starehe. Mama mkubwa na dada zangu wana mashamba ya mwani. Bamvu likifika maji yanakupwa mbali kweli, wanavuna, kisha magunia ya mwani mbichi yanabebwa kichwani kutoka kwenye maji mpaka pa kuanikia. Mwani mbichi ni maji matupu. Mtu anafika juu nguo zimemganda mwilini, chumvi imemuwasha shingo, na bado anarudi kuchukua jengine. Gari ya ng'ombe inazama kwenye mchanga mwororo, baiskeli ndiyo usiseme.

Hali ya mashine ni hii. Nikibonyeza stata inasema "tk" tu, basi. Nikachukua betri ya gari ya shemeji, gari yenyewe imezimwa, nikaunga kwa waya za kubusti: injini ikazunguka kwa uchovu, na waya wa hasi wa pikipiki ukapata moto mpaka ukanuka. Nikaacha. Ina kamba ya kuvuta kwa mkono; nikivuta injini inazunguka na inakaza vizuri mahali pamoja, kwa hiyo haikujam. Plagi niliitoa, nyeusi na kavu. Cheche ipo lakini nyekundu, inakuja na kupotea. Petroli iliyokuwamo kwenye tangi ilikuwa rangi ya chai ya rangi, inanuka vanishi.

Fundi wa bodaboda hapa kijijini ameiangalia kwa macho, mikono mfukoni, akasema nilete kabureta mpya, sidiai mpya (kile kisanduku cha umeme wa cheche) na stata mpya, jumla laki saba na nusu. Laki saba na nusu ya kubahatisha sina. Nataka mtu aliyezishika hizi Honda aniambie nianzie wapi, na kipi hasa cha kununua.

---

Bomba la Moshi, Tandika

Mkuu, hiyo ni ya Wazungu kuchezea. Uza kwa kilo, nunua guta la mkononi. Spea za guta zipo mpaka kwenye duka la vocha.

---

Spana Kumi, Morogoro

Guta matairi yake membamba, na lile la mbele peke yake kwenye mchanga wa pwani linachimba kaburi. Tandika hakuna ufukwe, tumsamehe.

Ndugu yangu wa Jambiani, hizo TRX350 nimekula nazo chumvi. Nilikuwa karakana ya shamba la miwa huku bara, wasimamizi wa umwagiliaji walipewa hizo. Injini ya silinda moja, cc 329, inapozwa kwa upepo na oili, haina mnyororo wa nyuma bali shafti. Ni injini ngumu sana kufa. Nyingi zilizoletwa kwangu "zimekufa" zilikuwa nzima, zimezungukwa na waya wabovu na petroli iliyooza. Yako kwa maelezo yako ni hivyo hivyo, na umeshajitibu nusu bila kujua.

Usinunue kitu. Hata plagi usinunue leo. Huyo fundi wako amekuandikia dawa tatu kabla hajakupima joto. Mashine iliyolala inaulizwa maswali kwa utaratibu: je, inabana upepo, je, ina moto, je, inapata mafuta. Hapo katikati usiruke, maana ukiruka utanunua sidiai kwa ugonjwa wa kabureta.

Kabla ya yote, oili. Fungua nati ya chini uimwage yote kwenye beseni jeupe. Ikitoka nyeusi, sawa. Ikitoka kama maziwa, maji ya mvua yameingia. Utaisafisha kwa oili ya bei rahisi, uizungushe kwa kamba bila plagi, uimwage tena. Kisha weka oili ya pikipiki, 10W-40, upime kwa kijiti chake. Oili ya pikipiki nimesema. Klachi ya hii mashine inaoga oili hiyo hiyo ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya utelezi, klachi itakuwa inateleza halafu utailaumu Honda. Ukishajaza, ukiwa bado umetoa plagi, vuta kamba taratibu mara kadhaa ili oili ipande juu kwenye valvu kabla injini haijapata moto.

Upepo: umesema kamba inakaza mahali pamoja. Hiyo inanipa moyo. Lakini hoteli ya ufukweni ina mchanga, nitakuuliza habari ya filta baadaye.

Sasa "tk". Hapa ndipo penye utamu. Wewe mwenyewe umeandika waya wa hasi ulipata moto. Waya mnene ukipata moto wakati wa kupiga stata ina maana umeme unakwama mahali, na mahali penyewe ni kwenye maungio. Uko baharini, chumvi inakula maungio kabla ya kula kitu kingine chochote. Stata yako huenda haina kosa lolote.

Chukua mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini. Iweke volti za DC. Kwanza pima betri yenyewe imetulia: 12.6 hivi ni betri iliyojaa. Halafu mwambie mtu abonyeze stata huku umeshika ncha moja ya mita kwenye nguzo ya hasi ya betri, kwenye risasi yenyewe na si kwenye kishikio cha waya, na ncha ya pili kwenye bati tupu la injini. Inatakiwa isome karibu na sifuri, nusu volti iwe mwisho. Ikisoma volti mbili, tatu, umeshampata mwizi: ule waya wa hasi. Fuata mpaka unapofungwa kwa bolti, toa bolti, utakuta unga mweupe au kijani. Piga msasa kishikio, piga msasa bati mpaka ling'ae, paka grisi kidogo juu yake baada ya kukaza, siyo kabla. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya, betri hadi rilei ya stata (ile swichi ya umeme inayosema "tk"), rilei hadi stata. Na ule waya ulionuka ukate ganda kidogo karibu na kishikio uone ndani: ukikuta kopa imekuwa nyeusi, tafuta waya mwingine mnene urefu ule ule. Huo nakuruhusu kununua.

Angalia pia taa ya kijani ya nyutro. Swichi ikiwa imewashwa na mashine iko nyutro lakini taa haiwaki, stata inaweza kukunyima hata hiyo "tk".

Cheche nyekundu: usiiguse sidiai. Betri ikishuka sana umeme wa plagi nao unalegea, kwa hiyo pima tena baada ya kumaliza maungio na kuweka betri nzima. Ikibaki nyekundu, shika kofia ya plagi uizungushe kinyume na saa, inatoka kwenye waya kama skrubu. Tazama ndani kwa tochi. Kama kuna kijani, hapo ndipo cheche inapopotelea. Kata ncha ya waya nusu sentimita upate kopa safi, funga kofia mpya. Kofia ya bodaboda inafaa, usiuziwe "ya Honda kubwa". Na ukipima cheche, plagi ilale imegusa kichwa cha injini, tena mbali na tundu la plagi. Kuna mtu nilimwona ametia petroli kwenye silinda, akaweka plagi pembeni ya tundu, akapiga stata. Nyusi ziliota tena, lakini alitutisha.

Ukipata cheche ya bluu inayolia "ta, ta, ta", rudi hapa tuzungumze kabureta. Hiyo mliyotaka kuitupa ni Keihin ya Kijapani, na hiyo mpya ya dukani utakayoletewa itakuja na jeti (vile vitundu vya kupitishia petroli) za kubahatisha na utahangaika na silensa, yaani injini kunguruma bila resi, mpaka Ramadhani.

---

Shaba ya Bidiyah, Oman

Salaam. Mimi niko huku Bidiyah, kwenye mlango wa mchanga wa Sharqiya, na kazi yetu ni hizi hizi, tunawakodishia watalii. Wazee wangu walitoka huko kwenu, Makunduchi, kwa hiyo nina haki ya kuingilia.

Spana Kumi amesema sawa ila mimi mchanga ningeuweka wa kwanza. Kabla hujapoteza hata shilingi moja kwenye waya, fungua boksi la filta chini ya kiti. Toa filta. Halafu ingiza kidole kilichofungwa kitambaa cheupe ndani ya ule mpira unaotoka kwenye boksi kwenda kabureta, yaani upande wa baada ya filta. Kitambaa kikitoka na oili na vumbi jepesi, alhamdulillahi. Kikitoka na chembe za mchanga, hizo zimekwisha kupita kwenye injini, zimelamba silinda na ringi za pistoni.

Huku kwetu dereva mmoja akiosha filta ya sponji halafu akairudisha kavu, bila kuipaka oili yake, injini haimalizi msimu. Sponji kavu haishiki vumbi laini. Hoteli nyingi hazijui hilo. Wanaona filta safi wanafurahi.

Ukitilia shaka ringi, vuta kamba usikilize inavyokaza. Halafu tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, rudisha plagi, vuta tena. Ikikaza zaidi kuliko mwanzo, ringi zimechoka, oili imeziba pengo kwa muda. Ikikaza vile vile hafifu, tatizo liko kwenye valvu. Ikiwa ilikaza vizuri tangu mwanzo, funga, endelea na hizo waya zenu.

---

Pweza Mkavu, Jambiani

Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimefanya kama mlivyosema, kwa utaratibu.

Filta: ilikuwa imeoza, sponji inapukutika mkononi, na ndani ya boksi panya alizaa humo, majani makavu na nyuzi za mazulia ya hoteli. Lakini kitambaa kwenye mpira kimetoka cheusi tu, mchanga sikuuona. Oili imetoka nyeusi, si maziwa. Nimekata sponji nyengine na kuipaka oili.

Mita imesoma volti tatu na kitu kati ya hasi ya betri na injini! Bolti ilikuwa nyuma ya injini, haionekani mpaka ulale chini. Nimeitoa, kishikio kilikuwa kimevimba kwa unga mweupe, waya ndani mweusi mpaka katikati ya kiganja. Nimeweka waya mwengine. Stata imezunguka kwa kasi mpaka kuku wamekimbia. Ile ile stata niliyoambiwa nitupe.

Kofia ya plagi ndani kijani tupu. Mpya nimeipata kwa fundi wa bodaboda yule yule, ameniuzia bila kuniangalia usoni. Cheche sasa bluu.

Lakini haiwaki. Nikitia petroli kidogo kwa bomba la sindano kwenye silinda na kurudisha plagi, inanguruma mara moja, mbili, inazima. Bila hiyo, hakuna kitu.

---

Spana Kumi, Morogoro

Hongera. Hapo umeshamaliza kazi ngumu, hiyo iliyobaki ni ya subira tu. Injini inayonguruma kwa petroli ya sindano ina upepo na ina moto. Njaa tu inaiua.

Mwaga petroli yote ya zamani. Usiichanganye na mpya ukidhani utaiokoa. Suuza tangi, toa koki, kuna chujio lake ndani limesimama kama mnara mdogo, lisafishe. Fungua koki ikiwa imeshikwa juu ya chupa: mafuta yatoke mfululizo, siyo kwa matone.

Kabureta. Itoe yote, usiisafishe ikiwa kwenye mashine, hiyo ni kujidanganya. Kabla hujaitoa, chini ya bakuli kuna skrubu ya kumwagia. Ifungue uone kinachotoka. Tandika kitambaa cheupe mezani, kila kidude kiwekwe kwa mpangilio kilivyotoka.

Juu, chini ya mfuniko, kuna slaidi yenye daiframu, mpira mwembamba mweusi. Ushike polepole mno. Unyanyue kwenye mwanga wa jua na uuvute kidogo kwa vidole: ukiona mwanga unapenya kwenye tundu, mashine itawaka lakini haitapanda resi. Daiframu isiguse tina (ile ya kuyeyushia rangi) wala dawa ya kusafishia kabureta, itavimba na haitarudi kwenye mfereji wake.

Chini kwenye bakuli kuna jeti mbili za shaba. Kubwa ni ya resi, utaona mwanga ndani yake bila shida. Ndogo iliyozama pembeni ndiyo ya silensa na ya kuwashia, na hiyo ndiyo naweka dhamana yangu kuwa imeziba. Tundu lake hata sindano ya kushonea haipiti, na sindano usiitumie, itakwangua shaba na kulipanua. Chukua waya wa umeme laini, utoe uzi mmoja tu wa kopa, upitishe huo. Loweka jeti kwenye tina usiku kucha kama ni ngumu. Kisha puliza kwa kompresa kila njia ya kabureta, uhakikishe upepo unatokea upande wa pili. Fundi wa pancha atakuazima upepo.

Kuna skrubu ya mchanganyiko, imezama chini karibu na upande wa injini. Kabla ya kuitoa, ikaze taratibu mpaka iguse, huku ukihesabu mizunguko, uandike ukutani. Nyuma yake kuna springi, kibati cha duara (washa) na kioringi cha mpira kidogo mno. Kikibaki ndani kitoe kwa ncha ya waya laini. Usikaze kwa nguvu, ncha yake ikivunjika ndani basi kabureta ndiyo imekufa kweli.

Floti, lile boya la ndani ya bakuli, itikise sikioni. Ikilia maji ndani imetoboka. Sindano yake, ile ncha ya mpira, ikiwa na alama ya mviringo iliyochimbika, itavujisha petroli mpaka kwenye oili. Vifaa vya kurekebishia kabureta vinauzwa kama seti ndogo, hiyo nunua kwa ajili ya oringi na sindano, lakini jeti zako za asili zirudishe. Jeti za seti mara nyingi tundu lake siyo lile lile ingawa namba imeandikwa sawa.

---

Mkorosho Mmoja, Kilifi

Kakangu wa Jambiani, hawa wanaume wanakufundisha kuwasha, hakuna aliyekufundisha kusimama. Nina ya aina hiyo kwenye shamba la korosho huku, nilinunua kwa watu wa Diani, najua ilikonipeleka: kwenye ua wa michongoma.

Breki za mbele za hiyo ni ngoma, si diski. Maji ya chumvi yakiingia ndani hayatoki, na viatu vya breki vinashikana na ngoma kwa kutu. Inua mbele juu ya gogo, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Likiwa zito au halizunguki, usilivute kwa gari. Fungua nati, ligonge ngoma polepole kwa nyundo ya mbao huku na huku, itaachia. Ndani utakuta matope ya kahawia. Safisha kwa maji na brashi, usipulize lile vumbi kwa mdomo. Kagua vipampu vidogo vya breki, ukifunua kile kimpira cha pembeni na ukikuta majimaji, vinavuja, badilisha. Na lile ringi la mpira linalozunguka ngoma usilidharau, ndilo linalozuia bahari kuingia.

La pili, upepo wa matairi. Wewe mwenyewe simama hapo ukijaziwa. Vijana wa pancha wamezoea piki, watakupigia psi 30 na tairi zile zinakuwa mpira wa kandanda, ukipita kishimo inakutupa. Tairi hizi zinataka psi chache tu, hazifiki hata kumi. Kwenye mchanga huo upepo mdogo ndio unaokubeba.

Na ekseli ya nyuma ni moja imara, magurudumu yote mawili yanazunguka sawa. Barabarani kwenye lami haitaki kukata kona, itakulazimisha uende moja kwa moja. Dada zako wajifunzie mchangani, polepole, na mtu mmoja juu yake. Kiti kirefu si cha abiria, ni cha dereva kusogeza uzito.

---

Pweza Mkavu, Jambiani

Imewakaaa! Ile jeti ndogo ilikuwa imezibwa kabisa na kitu cha kijani kigumu. Uzi wa kopa umepita baada ya kulala kwenye tina. Daiframu nzima. Nimevuta choki, nikagusa stata, ikakohoa moshi mweupe, ikashika. Mama mkubwa ametoka na upawa mkononi akidhani kuna gari limepotea njia.

Da Mkorosho, gurudumu la kushoto mbele lilikuwa limeshikana kama ulivyosema, nimelifungua, pampu moja inavuja, nimeagiza. Mpaka ije haitoki uani.

Yaani ilitoka mara moja. Nilikwenda nayo mpaka kwenye mnazi wa mwisho kwa gia ya kwanza. Tatizo jipya ni hilo: ikishapata joto kidogo inaanza kumisi, inapungua nguvu, inazima. Nikikaa nikapiga soga na watu, inawaka tena kana kwamba hakuna lililotokea. Halafu inarudia. Yule fundi amepita akasema, "Si nilikwambia sidiai?"

---

Spana Kumi, Morogoro

Asubiri huyo. Inawezekana kweli ikawa koili au sidiai inayochoka ikipata joto, zipo. Lakini kuna kipimo cha bure kwanza. Ikizima, kabla hujafanya lolote, inama uweke sikio kwenye tangi na ufungue mfuniko wa petroli. Ukisikia "fsss" ya kuvuta upepo ndani na ikawaka mara moja, sidiai imepona. Kutoka kwenye mfuniko huo kuna kimpira chembamba kinachopanda na kuchomekwa kwenye usukani. Hicho ndicho pua ya tangi. Kikiziba, petroli inashuka kidogo, inajengeka nguvu ya kuvuta ndani, mafuta yanagoma kushuka.

Ikizima bila "fsss", pima cheche hapo hapo ikiwa ya moto, usisubiri ipoe. Ukikosa cheche ikiwa moto na ukaipata ikipoa, basi fundi wako nitamuomba radhi mimi binafsi.

---

Pweza Mkavu, Jambiani

Fsss kubwa! Kimpira nimekichomoa, nimepuliza, hakuna kinachopita. Nimekikata katikati: dondola wamekijaza udongo, kipande kirefu kimekauka ndani, na mabuu humo humo. Nimeweka kimpira cha maji ya akwariamu nilichopewa na jamaa wa hoteli nyengine. Nimeizungusha uani mpaka majirani wamechoka, haizimi.

Fundi nimemwonyesha kile kimpira. Amecheka, akasema hata kwenye bodaboda atakuwa anaangalia. Si mtu mbaya.

Maswali mawili nimalizie. Valvu zinagonga kidogo ikiwa baridi, je, ni hatari? Na rivasi haiingii kabisa, nakanyaga gia mpaka kisigino kinauma.

---

Spana Kumi, Morogoro

Valvu: ipime ikiwa baridi kabisa, imelala usiku. Pengo liwe milimita 0.15 zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa, pistoni ikiwa juu mwisho wa kubana. Fila geji, kile kibamba cha kupimia pengo, ipite kwa kukwaruza kidogo. Kugonga kidogo siyo kitu. Kimya kabisa ndiko kunakonitisha, valvu iliyobana sana inaungua. Plagi pengo lake 0.8 hadi 0.9. Na ikiwa inanguruma, weka mita kwenye betri, pandisha resi kidogo: volti zikipanda kuelekea 14, inachaji. Zikibaki 12 na kushuka, rudi unipe habari. Oili ya sasa imwage mapema, imeosha uchafu wa miaka.

Mzigo: mbele kilo 30, nyuma kilo 60, hizo ndizo vichanja vyake vya mizigo vinazohimili. Gunia la mwani mbichi lipime kwanza, msijaze kwa macho. Afadhali umtafutie mtu wa kuchomelea akutengenezee tela dogo la matairi mapana, maji ya chumvi yachuruzike huko nyuma na siyo juu ya waya wako mpya. Na kila ikitoka pwani, ioshe kwa maji ya kisima siku hiyo hiyo, chini ya matumbo zaidi kuliko juu, usiielekeze presha kwenye ekzosi wala boksi la filta.

Rivasi: huikosei kwa nguvu, unaikosea kwa mkono wa kushoto. Kwenye leva ya breki ya nyuma kuna kitufe. Iweke nyutro, bonyeza hicho kitufe, kamata leva, halafu ndipo ukanyage gia chini. Kama kitufe kinabonyezeka na bado haiingii, kebo yake imeshika chumvi. Ichomoe upande wa juu, funga kifuko cha nailoni kwenye ncha yake, tia oili humo, itundike msumarini ikiwa wima mpaka oili ichomoze upande wa chini. Kisha sogeza kwa koleo huku na huku. Usiikate haraka, hiyo kebo kuipata Zanzibar itakuchukua muda kuliko kuipasha oili.

---

Pweza Mkavu, Jambiani

Kebo imetundikwa kwenye msumari wa dirisha la jikoni tangu jana magharibi. Oili imeanza kuchomoza asubuhi hii, nyeusi na chumvi chumvi. Pampu ya breki inakuja na boti ya kesho, na jamaa wa kuchomelea wa Paje anataka vipimo vya tela. Nani anajua upana mzuri wa kupita kwenye vichochoro vyetu vya kuteremkia pwani?